Mstari wa Jina la Baba

Isebania, Migori
11 Septemba 2023

Mwanangu Beverlyne,

Pokea salamu za mtu aliyeketi jikoni huku mahindi yakichemka. Sisi huku tu wazima, isipokuwa ng'ombe mmoja anayekohoa kama mzee wa kanisa anayetaka kuonekana. Mguu wa babako Boaz unaendeleaje? Mwambie ndugu yangu kwamba dawa ya mguu ni kuutembeza, si kuuimbia nyimbo za Sabato. Mamako Bonareri msalimie sana. Ndizi zake zilifika zikiwa nyeusi, maana Motari alikaa nazo kwenye gari mpaka akamaliza kuuza za kwake. Huyu Motari wenu ni mfanyabiashara mzuri, lakini kama tarishi, Mungu atusaidie. Hata hivyo hatuna mwingine. Usinipigie simu, unajua masikio yangu yalishaniaga. Niandikie.

Sasa neno lenyewe. Ni Milka wetu, mtoto wa Dorine. Mwalimu mkuu ameita wazazi, akatuambia mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa jina lake halitaingia kwenye mtihani wa Grade Six mwakani, na majina yanafungwa mwezi wa tatu. Milka hana cheti. Alizaliwa hapa nyumbani, mikononi mwangu, na wakati ule hakuna aliyeniambia kwamba mtoto huzaliwa mara mbili, mara moja kwa mama na mara ya pili kwa serikali.

Mtoto huyu ana kichwa, Beverlyne. Anasoma hata gazeti lililofungiwa sukari. Akikosa mtihani kwa ajili ya karatasi, nitakufa na kinyongo.

Nimesikia ulivyozunguka ofisi za Homa Bay kwa ajili ya mguu wa babako mpaka akaandikishwa kuwa mlemavu, na kwamba huko wakikuona mlangoni wanakaa vizuri kwenye viti. Nifundishe. Kuuliza si ujinga.

Dorine amesafiri. Atarudi.

Shangazi yako,
Nyangi

* * *

Rangwe, Homa Bay
27 Septemba 2023

Shangazi mpendwa,

Salamu zako zimefika na zimechekesha nyumba nzima. Baba anasema mguu ni wake na nyimbo ni zake. Mama anauliza kama ulikula zile ndizi nyeusi au uliwapa ng'ombe, maana nyeusi ndizo tamu. Soko la Rangwe liko sawa. Siku hizi nauza omena, hawa dagaa wa ziwani, na nimempa Motari gunia dogo akuletee. Likifika limepungua akuambie nilimpa hivyo, ni mwongo.

Kuhusu Milka, usiogope. Ofisi si msitu, ina njia. Mimi niliijua njia kwa kupotea.

Kwanza, usianze na ukoo. Nakujua. Utaanza na babu wa babu, ufike kwa marehemu mumeo Mniko, ueleze alivyokufa bila mtoto, na jinsi wewe mjane ulivyomwoa Dorine kwa ng'ombe zake ili nyumba isizimike. Kabla hujafika kwa Milka, karani atakuwa ameenda kula chakula cha mchana. Foleni iko nyuma yako na yeye hajui nyumba ntobu, mwanamke kuoa mwanamke, ni nini. Anza na unachotaka: "Nataka cheti cha mtoto huyu." Halafu nyamaza aulize.

Lakini kabla hata ya hilo mwambie wewe ni kiziwi, na umpe karatasi na kalamu aandike maswali yake. Usione haya, shangazi. Ni haki yako kuhudumiwa ukaelewa. Wengi wanaitikia tu kwa kichwa, wakirudi nyumbani hawajui wameambiwa nini.

Beba kila karatasi uliyo nayo: kadi ya chanjo ya Milka, barua ya naibu wa chifu, kitambulisho chako. Toa kopi za zote, uwaachie kopi, asili irudi nyumbani na wewe. Uliza jina la anayekuhudumia, uliza urudi lini, na umwombe aandike hiyo tarehe. Wale vijana wanaosimama nje ya geti wakikuambia wanaweza "kusukuma", wapite kama unavyompita mbwa wa jirani.

Kuhusu Dorine kusafiri, sina la kusema.

Wako,
Beverlyne

* * *

Isebania
30 Oktoba 2023

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Ng'ombe amepona kikohozi, sasa anakula kama mtu aliyefunga. Mvua imenyesha vizuri na vitalu vya tumbaku vimeshika. Jirani yangu amemwoza binti yake, tukala nyama mpaka tukachoka; nikakumbuka ninyi wa Sabato mlivyokataa kula nyama ya harusi yangu na Dorine, mkakaa nyumbani kwenu na maharagwe. Nilicheka peke yangu. Omena ni safi sana, wamekauka vizuri, hakuna mchanga hata kidogo.

Ofisi nilikwenda. Nilimwambia karani mimi ni kiziwi, nikampa karatasi. Alinitazama, akashika kalamu. Mwanangu, nimegundua jambo: mtu akilazimika kuandika hawezi kukutukana ovyo. Hasira inachoka kabla ya mkono.

Mambo yamesimama kidogo. Faili liko kwa mkubwa. Milka anakusalimu, amekuwa wa kwanza kwenye hesabu.

Mahindi pia yako vizuri.

Shangazi yako,
Nyangi

* * *

Rangwe
2 Desemba 2023

Shangazi,

Nakusalimu kwa upendo. Baba ameanza kutembea mpaka kanisani na kurudi, kwa hiyo umeshinda, usimwambie nimekuambia. Mama ana mafua. Barua yako Motari aliisahau nyuma ya kiti. Nimeipata juzi tu.

Nimeisoma mara nyingi. Ng'ombe ana mistari mingi, nyama ya jirani ina mistari mingi, mahindi yametajwa hata pale ambapo hayakuulizwa. Milka, ambaye ndiye sababu ya barua, ana sentensi tatu. Shangazi, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi. "Mambo yamesimama kidogo" ni maneno ya mtu aliyefukuzwa.

Nijibu. Faili limesimama kwa nini? Walikuandikia nini kwenye ile karatasi yako? Na wewe kwenye fomu, mahali pa baba, uliandika nani?

Siwezi kukusaidia kuvuka mto ambao hunionyeshi.

Beverlyne

* * *

Isebania
19 Desemba 2023

Beverlyne,

Mpe mamako pole ya mafua, anywe maji ya tangawizi. Huku tu wazima wa mwili.

Haya, nitasema. Mficha uchi hazai.

Mahali pa baba niliandika Mniko. Ningeandika nani? Ng'ombe waliomleta Dorine walitoka zizi la nani? Kuna kijana alipita hapa mwaka ule, ndiyo, na kwetu huyo haulizwi jina, kama vile huulizi jina la mvua iliyootesha shamba lako. Mtoto ni wa mwenye shamba.

Karani anaitwa Oyaro, niliuliza jina kama ulivyonifundisha. Alizipanga karatasi zangu vizuri. Katikati yake akakuta cheti cha kifo cha Mniko, ambacho nilikibeba mwenyewe, tena na kopi yake, kwa sababu ulisema nibebe kila karatasi. Akaandika: "Mama, huyu mzee alikufa 1998. Mtoto amezaliwa 2012."

Nikaandika chini yake: "Ndiyo."

Akaandika: "Sasa itawezekanaje?"

Nikaandika: "Kwa ng'ombe."

Oyaro akaweka kalamu chini, akaenda kumwita mkubwa wake. Huyo mkubwa hakuandika. Aliongea, na watu wa foleni wakageuka kunitazama, nami sikuwa nasikia hata neno. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya fomu yangu kwa herufi kubwa: UDANGANYIFU. Ndipo akaona vema kuniandikia mimi. Aliuliza: "Huyu mtoto umemtoa wapi? Ni wa Tanzania? Mnavusha watoto?" Akaandika kwamba nirudi na mama aliyemzaa kabla ya mwisho wa mwezi wa pili, la sivyo faili linakwenda kwa afisa wa watoto, na mtoto atatafutiwa pa kukaa wakati wanachunguza.

Mimi, Beverlyne. Mimi niliyemkata kitovu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Milka anazoa majivu jikoni huku akiimba, nilijua anaimba kwa sababu mabega yalikuwa yanacheza. Sikumwambia. Sikukuambia na wewe, kwa sababu nilikuona ukisema, "Nilikuonya na ndoa yako hiyo." Niliogopa. Naogopa hata sasa. Kila gari likipunguza mwendo barabarani nasimama mlangoni.

Sasa ni zamu yako. Lile gunia la omena limeshonwa mdomo kwa mshono wa robota la tumbaku, uzi ukirudi mara mbili kwenye kila kona. Mshono huo ni wa nyumba hii, na niliyemfundisha ni mtu mmoja tu. Mimi ni kiziwi, si kipofu. Yuko wapi?

Nyangi

* * *

Rangwe
8 Januari 2024

Shangazi wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama amepona. Baba alipomsomea barua yako kwa sauti, alifika kwenye "Kwa ng'ombe" akacheka mpaka akakohoa, halafu alipofika kwenye kalamu nyekundu akatoka nje. Alirudi akasema, "Huyo ni dada yangu wanamfanyia hivyo." Tangu hapo ananiuliza kila asubuhi nimefanya nini.

Sikuonyi chochote. Kuhusu ndoa yako nina maoni yangu, nayo yatakaa kanisani. Milka ni mtoto wetu.

Dorine yuko Mbita. Anakausha omena, na mimi hununua kwake. Aliniomba nisiseme, na wewe ulikuwa ukiandika kwamba amesafiri, basi nikaona kila mtu ana pazia lake, si kazi yangu kulifungua. Jumapili nilikwenda. Nilimkuta akigeuza omena juu ya nyavu kuukuu, na nilipomtajia Milka, hakuuliza kuna shida gani.

"Amefika urefu gani?" akauliza.

Nikamwambia amefika begani kwangu.

"Na ni wa kuongea ama ni wa kunyamaza kama mimi?"

"Ni wa kuongea," nikamwambia. "Amekuwa namba moja kwa hesabu."

Akageuza omena walewale mara ya pili. Nikamweleza habari ya fomu, nikamweleza kwamba bila yeye hakuna cheti. Nilidhani anaogopa ofisi.

"Mimi siogopi serikali, dada," akasema. "Naogopa ng'ombe. Nikionekana huko, wazee watasema bibi ametoroka, ng'ombe zirudi. Baba yangu atatoa wapi? Alizitoa zote kwa mahari ya kaka yangu. Na zikirudi, Milka si wa Mama Nyangi tena. Atakuwa wa nani? Nikaona nikikosa kuonekana, hakuna mtu atauliza, na mtoto atabaki kwake."

"Kwa hivyo ulijificha ndio umwachie mtoto?"

"Na pia nilitaka kukaa karibu na ziwa," akasema. "Sitakudanganya. Lakini ndio, hiyo pia."

Nilirudi Rangwe nikilia, shangazi, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa nisikilize, maana muda umebaki mdogo. Una kweli mbili, na zote ni kweli. Moja ni ya ng'ombe: Milka ni wa nyumba ya Mniko. Nyingine ni ya fomu: nani alimzaa, nani anamlea. Fomu haikuuliza habari za ng'ombe. Ulijibu swali ambalo hawakukuuliza, ndiyo maana wakakuita mwongo. Mahali pa baba panaweza kubaki bila jina, mama akisema hivyo mwenyewe.

Na usingoje faili lipelekwe kwa afisa wa watoto. Nenda wewe kwanza, na Dorine, na Milka, na kadi ya chanjo. Anayejipeleka kwa miguu yake hasikilizwi kama anayeletwa. Huyo afisa kazi yake ni kumlinda Milka. Mkubaliane naye, basi atawalinda na ninyi.

Lakini Dorine hatakuja bila neno lako kuhusu ng'ombe. Hilo siwezi kuliandika mimi.

Beverlyne

* * *

Isebania
17 Januari 2024

Mwanangu,

Wazima? Sisi wazima. Hii siipeleki kwa Motari, nimempa dereva wa basi.

Jumapili niliwaita wazee wa ukoo wa Mniko. Niliwapikia kuku. Waliposhiba nikawaambia: mwenye kudai ng'ombe ni mimi, na mimi sidai, leo wala kesho, wala nikifa asidai mtu kwa jina langu. Walibisha sana. Mmoja alisimama akatikisa fimbo. Nikawaambia siwasikii. Walipochoka wakamalizia mchuzi, na mkubwa wao akanishika mkono, ndiyo kusema yamekubaliwa. Kuna siku uziwi ni baraka.

Kipande kilichobaki mkatie Dorine umpelekee:

"Dorine. Ng'ombe wa Mniko hawarudi. Wazee wamesikia. Ukitaka kukaa ziwani, kaa. Ukitaka kuolewa na mtu mwenye ndevu, olewa, nitakuja kula. Ila njoo tumwandikishe mtoto. Kitanda chako sijampa mtu. Nyangi."

* * *

Isebania
6 Februari 2024

Beverlyne mwanangu, mwanangu,

Salamu kwa Boaz, kwa Bonareri, kwa Motari hata, leo namsamehe kila mtu. Huku jua ni kali, ng'ombe amezaa, na mimi sijala tangu asubuhi kwa sababu nataka nikuandikie kwanza.

Dorine alikuja Jumapili jioni. Hatukuongea mengi. Aliweka mzigo, akachukua ndoo akaenda kuteka maji, kana kwamba ameondoka jana. Milka alimtazama sana kutoka nyuma ya mlango, halafu akaenda akaleta daftari lake la hesabu, akamwonyesha ukurasa mmoja mmoja. Dorine hakujua hesabu zile, lakini aliangalia kila moja.

Jumatatu tukaenda. Njiani nilirudia maneno yako, na ukweli ni kwamba jana yake niliyafanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Afisa wa watoto ni mama mmoja anaitwa Edinah, ana miwani ya kamba. Nilisimama nikasema: "Tunataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyu. Aliyemzaa ni huyu. Mimi ndiye mlezi. Mimi ni kiziwi, tafadhali niandikie." Nikafunga mdomo. Ukoo wote ulikuwa umenifika kooni, mwanangu, nikaumeza.

Edinah alisoma kadi ya chanjo na barua ya naibu wa chifu, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Alimwita Dorine ndani peke yake. Alimwita Milka peke yake. Kisha akaniita mimi, akaandika: "Kwa nini uliandika marehemu kuwa baba?"

Nikaandika: "Kwetu mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Sikujua mnauliza kitu kingine. Sikuficha, cheti cha kifo nilikileta mwenyewe."

Akasoma. Akasoma tena ile ya mwisho. Halafu akaandika: "Mwizi hawezi kuleta tochi." Akainuka, akachukua mkoba wake, akavuka nasi uwanja mpaka ofisi ya vizazi, yeye mbele, sisi nyuma.

Mkubwa wa kalamu nyekundu alikuwapo. Aliongea, Edinah akaongea, Dorine naye akasema jambo moja fupi, na ofisi nzima ikageuka. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema, "Mimi ndiye nilimzaa. Huyu ndiye alinioa. Andika vile sheria inataka, lakini asiitwe mwizi."

Yule mkubwa akamwambia Oyaro atoe fomu mpya. Wangetaka ile ya zamani ipotee hivi hivi. Nikakataa. Niliandika kwenye karatasi yangu: "Naomba ukate lile neno jekundu, uandike ni kosa, utie sahihi." Nikaiweka mezani, nikangoja. Nimejifunza kungoja. Alinitazama, akamtazama Edinah, akalikata. Alitia sahihi na mhuri. Akaniandikia, kwa bluu safari hii: "Pole, mama." Nikaandika: "Imepokelewa."

Oyaro akaanza kujaza. Mama, Dorine. Mlezi, mimi. Alipofika kwa baba akachora kistari tu. Beverlyne, nilikuwa nimejiandaa, lakini kile kistari kilinichoma. Niliona kama Mniko amekufa mara ya pili, na safari hii nimemzika mimi kwa ruhusa yangu. Nikageuza uso nikasoma tangazo la chanjo ukutani.

Jina la mtoto Oyaro alikuwa ameliacha, kwa sababu kadi ya chanjo imeandikwa Milka peke yake. Akarudi juu akauliza majina kamili. Mimi nilikuwa bado naangalia ukutani. Dorine alichukua kalamu mkononi mwa Oyaro, akaandika kwenye karatasi yangu kwa zile herufi zake zilizolala, akanigusa bega nisome.

Milka Nyangi Mniko.

Oyaro alimuuliza kama ana hakika, maana hilo ndilo litabaki siku zote. Nilimwona Dorine akisema, "Andika." Edinah aliitikia kwa kichwa, kwamba jina la mtoto ni la mama kuchagua, hakuna sheria ya kulizuia.

Nililia pale kaunta, kwa sauti ambayo mwenyewe siisikii. Watu wa foleni waligeuka tena kunitazama kama ile siku ya kwanza. Watazame.

Shangazi yako,
Nyangi

* * *

Rangwe
26 Februari 2024

Shangazi mshindi,

Salamu. Hapa kwetu barua yako imesomwa mpaka imelegea. Baba ameisoma mwenyewe, akamsomea Mama, akaisoma kwa wazee wa kanisa baada ya ibada, akiruka sehemu ya ndoa kwa heshima yangu, lakini nilimwona mzee mmoja akimfuata nje kuuliza alichoruka. Mama anasema "Imepokelewa" ataitumia kwa wateja wanaochelewa.

Usilale bado. Ile tarehe ya kuchukua cheti, nenda siku hiyo hiyo, na hicho kikaratasi cha kuchukulia kikae kwenye nguo, si kwenye mkoba. Ukikipata cheti usiondoke kaunta. Soma kila herufi, kila tarehe, pale pale, hata wakikunja uso. Kosa likifika nyumbani huwa lako. Kisha kopi, kisha shule.

Nina hamu. Niambie. Na hujasema kama Dorine amerudi Mbita.

Beverlyne

* * *

Isebania
15 Machi 2024

Mwanangu Beverlyne,

Tu wazima wote, wakubwa na wadogo na ndama. Dorine alirudi kwa omena zake wiki ile ile. Likizo ya mwezi wa nne Milka atakwenda Mbita kumtembelea, tumekubaliana mimi na yeye, na utampokea wewe kituoni umpeleke.

Cheti nimekichukua. Nilikisoma kaunta, kila herufi. Oyaro alikuwa ananicheka, kisha akaanza kukisoma na yeye kutoka upande wake. Hakikuwa na kosa. Mama mmoja wa nyuma yangu alikuwa analia, ana mjukuu asiye na karatasi. Nikatoka naye nje, tukakaa kwenye nyasi, nikamwambia: usianze na ukoo. Tumekubaliana Jumanne ijayo nimsindikize. Na jana wamekuja wengine wawili hapa nyumbani. Nimewaambia waje na kopi.

Leo asubuhi tulikwenda shuleni, mimi na Milka, nimevaa gauni la harusi ya jirani. Mwalimu mkuu alikichukua cheti, akaandika jina kwenye orodha ya mtihani, neno kwa neno. Alipofika la mwisho akasimamisha kalamu. Wameshazoea kwamba mimi huandikiwa, basi akachukua karatasi akaandika swali, akaisukuma kwangu.

"Mniko ndiye baba yake?"

Nilifikiria kistari cha Oyaro, nikafikiria kalamu nyekundu, nikafikiria jinsi ya kujibu bila kuharibu kitu. Milka alikuwa amesimama kando yangu. Aliisoma, akanyoosha mkono, akachukua kalamu vidoleni mwangu, akainama akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule:

"Ndiye."

Mwalimu akasoma, akaitikia, akamwita mtoto mwingine.

Mimi shangazi yako, na nyumba yangu yote,
Nyangi